Tiger Moth ya 1 kwa 5: shajara ya ujenzi

Januari: uchaguzi na michoro

Nimeamua. Ni ndege ya mfano ya de Havilland Tiger Moth, ndege ya mafunzo yenye bawa la juu na la chini, kipimo cha 1 kwa 5, ya kuongozwa kwa rimoti, na kila kipande nakikata mwenyewe. Hakuna seti ya kiwandani wala mbavu zilizokatwa kwa leza. Ndege halisi ina mita 8.94 kutoka ncha ya bawa hadi ncha, na urefu wa mita 7.29. Ukigawa kwa 5 unapata upana wa mita 1.79 na urefu wa mita 1.46. Ukubwa huo unatosha kuifanya itulie angani, na bado inaingia kwenye gari mabawa yakichomolewa.

Kinachonikosesha usingizi ni uzito. Ndege halisi iliyojazwa ina kilo 828. Ukiipunguza mara 5, uzito haupungui mara 5. Unapungua mara 125, kwa sababu kitu kinafinywa urefu, upana na kimo kwa pamoja. Hesabu inaleta kilo 6.6. Ndege ya mfano yenye kilo hizo itaruka, ila itaruka kwa pupa na kutua kwa kishindo. Eneo la mabawa yote mawili, la juu na la chini, ni mita za mraba 22.2 kwenye ndege halisi, na kwangu linakuwa 0.89. Nikiishia kwenye kilo 4.5, kila desimita ya mraba itabeba gramu 50 na ushee, na hapo ndipo ndege ya aina hii inakuwa na adabu. Basi kilo 4.5 ndiyo lengo, na mzani mdogo utakaa juu ya meza muda wote wa kazi.

Michoro ya pande tatu nimeikuza hadi saizi kamili na kuibandika ubaoni. Ukiitazama kutoka juu, jambo la kwanza unaloliona ni mabawa yaliyolala kuelekea nyuma, na hilo lina historia yake. Mtangulizi wake, DH.60 Moth, aliyeruka mara ya kwanza Februari 1925, alikuwa na mabawa yaliyonyooka. Ilipotakiwa ndege ya mafunzo ya kijeshi, kiti cha mbele kikaleta shida: kilizungukwa na nguzo za bawa la juu, tangi la mafuta likiwa juu ya kichwa, na mtu aliyevaa parachuti asingeweza kuchomoka upesi. Wakaisogeza mbele sehemu ya katikati ya bawa la juu. Lakini bawa likienda mbele, nguvu ya kuinua nayo inaenda mbele na ndege inapoteza mizani, kwa hiyo wakazivuta ncha nyuma mpaka mizani ikarudi. Ndege ya kwanza iliruka Stag Lane, uwanja wa de Havilland, tarehe 26 Oktoba 1931, Hubert Broad akiwa rubani.

Mimi narithi uamuzi huo kila ninaposhika penseli, maana mihimili ya mabawa inapita kwenye mbavu kwa mshazari. Hakuna mfereji hata mmoja utakaokatwa kwa guni, yaani kwa pembe mraba.

Februari: mkia

Watu wengi huanza na bodi kwa sababu ndiyo inayoonekana kama ndege. Mimi naanza na mkia, kwa sababu mkia ndio unaoamua ndege nzima itakuwa na uzito gani. Tiger Moth ina pua fupi. Kutoka kitovu cha uzito hadi bawaba ya eleveta, kile kibao cha mkiani kinachoinua au kushusha pua, ni kama milimita 900, na kutoka kitovu hicho kwenda mahali betri inapoweza kukaa ni kama 300. Gramu 1 ya ziada mkiani inadai gramu 3 puani, na jumla umebeba 4. Ukiuacha mkia uzidi gramu 50, umejiongezea gramu 200 ambazo hazifanyi kazi yoyote.

Kingo za mkia ni za mviringo, na njia nyepesi niijuayo ni kuzikunja kwa matabaka. Nimekata vipande vya balsa, mbao nyepesi sana, vya unene wa milimita 1.5, nikaviloweka mpaka vikalegea, nikavizungusha kwenye kalibu ya ubao uliofungwa utepe wa plastiki ili gundi isishike. Tabaka la nje ni msonobari mwembamba, ndilo litakalohimili kugongwagongwa. Gundi nyeupe ya mbao, imezimuliwa kwa maji kidogo. Kipande kikivuliwa kwenye kalibu baada ya kukauka hakirudi nyuma hata unywele mmoja, na ukikishika kidoleni unashangaa kitu kigumu namna hii kinawezaje kuwa chepesi hivi.

Pezi, usukani, kibawa cha nyuma na eleveta zake, bila kitambaa: gramu 118. Nimefurahi. Kesho nitatoboa matundu zaidi kwenye mbavu zake na kuona kama 110 inafikika.

Machi: mbavu, nyingi

Habari njema ni kwamba bawa la Tiger Moth lina upana uleule kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma, kama milimita 265 katika kipimo hiki, kutoka shinani hadi linapokaribia ncha. Mbavu karibu zote ni pacha. Nimetengeneza violezo viwili vya alumini ya milimita 2, nikapanga vibao vya balsa katikati yake kama mkate uliokatwa, nikapitisha bolti mbili na kukaza. Kwanza randa ndogo, halafu msasa mkali, halafu laini. Huhitaji hata kutazama: msasa ukiwa juu ya balsa tupu unanong'ona, ukigusa alumini unakwaruza. Pande zote mbili zikikwaruza pamoja, umefika.

Mifereji ya mihimili ndiyo iliyokula muda. Kwa kuwa mhimili unapita mshazari, mfereji unatakiwa kupanuliwa kidogo mbele kwa upande mmoja wa ubavu na nyuma kwa upande wa pili. Hiyo haikatwi kwa rundo. Ni tupa bapa na ubavu mmoja mmoja. Hapo pia ndipo mbavu za kulia zinapoachana na za kushoto, kwa hiyo kila moja imeandikwa kwa penseli kabla haijaguswa na tupa. Nawashauri mzitenganishe kwenye visanduku viwili.

Kila bawa lina mihimili miwili, wa mbele na wa nyuma, kama ndege halisi. Mhimili ni vijiti viwili vya msonobari, kimoja juu na kimoja chini, katikati pamejazwa balsa ambayo nyuzi zake zimesimama wima. Ukiilaza nyuzi, ule ukuta hausaidii kitu. Bawa likipindwa linabonyea pale pale. Kwenye ncha nimeweka kabari ya milimita 5 chini ya ukingo wa nyuma wakati gundi inakauka, ili ncha iwe imeinama kidogo kuliko shina. Ndege ikipungua mwendo, shina litaishiwa nguvu kabla ya ncha, na eleroni, vile vibao vya ukingo wa nyuma vinavyoinamisha ndege kushoto au kulia, zitaendelea kusikia.

Bawa la juu halina eleroni. Zipo kwenye mabawa ya chini peke yake, na watu wasioijua ndege hii huuliza kama nimesahau. Slati za ukingo wa mbele wa bawa la juu, zile ambazo kwenye ndege halisi hufunguka zenyewe mwendo unapopungua, nimezifanya pambo.

Machi, mwishoni: eleroni

Hapa panataka akili. Eleroni ikishuka inaongeza nguvu ya kuinua upande wake, lakini inaongeza pia ukinzani wa hewa, na pua inavutwa upande usiotakiwa: unataka kukata kushoto, ndege inainama kushoto huku pua inaangalia kulia. Ndege za zamani zenye mabawa marefu zina tabia hiyo kwa wingi. De Havilland walilishughulikia kwa mitambo: eleroni inayopanda inapanda sana, inayoshuka inashuka kidogo.

Rimoti za sasa zinaweza kufanya hivyo kwa kubonyeza kitufe, kwa kuwa kila eleroni ina servo yake, yaani mota ndogo inayoisukuma na kuivuta. Nimechagua kulifanya kwa pembe za vyuma, kwa sababu ukipunguza mwendo ndani ya rimoti unaitumia servo nusu tu ya hatua zake upande mmoja. Servo imelala ndani ya bawa na mkono wake umetokeza chini. Kwa kawaida mkono ungesimama wima servo ikiwa katikati. Mimi nimeuegemeza mbele, kuelekea ukingo wa mbele wa bawa, karibu digrii 50. Ukisukuma nyuma, fimbo inasafiri mbali na eleroni inapanda vizuri. Ukivuta mbele, mkono unakaribia kulala na fimbo haiendi popote. Nimepima kwa rula: milimita 24 juu, 10 chini. Sawa kabisa.

Aprili: bodi

Fupi, kwa sababu bodi ya Tiger Moth ni sanduku refu lenye mgongo wa mviringo. Ndege halisi ina mabomba ya chuma; yangu ina vijiti vya msonobari mbele na balsa nyuma ya kiti cha pili, kila kitu kikizidi kuwa chembamba kadiri unavyokwenda mkiani. Ukuta wa mota ni plaiwudi ya milimita 6.

Kitu kimoja kimenipa raha. Injini ya Gipsy Major iliwekwa kichwa chini: silinda zake nne zinaning'inia na shafti iko juu. Kwa mjenzi wa ndege ya umeme hiyo ni zawadi. Mota inakaa juu, na chini yake, pale silinda zingekuwa, kuna chumba kirefu cha betri mbele kabisa, mahali hasa ninapouhitaji uzito.

Magurudumu yanabebwa na waya wa chuma cha springi wa milimita 4. Maungio nimeyasugua kwa msasa mpaka yakang'aa, nikayafunga kwa waya mwembamba wa shaba, mizunguko ikigusana, kisha lehemu. Pasha chuma chenyewe, usipashe lehemu. Lehemu ikiyeyuka kwa joto la kiungo inanywewa katikati ya mizunguko yote; ikiyeyushwa na ncha ya pasi inakaa juu kama tone na itaachia siku ya kutua vibaya. Mkiani hakuna gurudumu, ni kigingi cha kuburura, kama ilivyokuwa. Breki pia hazipo.

Mei: bawa la juu

Ndege ya bawa moja ukiikosea pembe kidogo unairekebisha kwa trimu, yaani kwa kusogeza kidogo katikati ya eleveta au eleroni kwenye rimoti, na maisha yanaendelea. Ya mabawa mawili haisamehi. Bawa la juu likitofautiana na la chini kwa digrii moja na nusu, mabawa yatagombana safari nzima na utamaliza betri ukiamulia ugomvi wao. Kwa sababu hiyo mwezi mzima wa Mei ni wa bawa la juu, nguzo na nyaya.

Bodi nimeifunga kwenye meza, pima maji juu ya reli zake, haitikisiki. Bawa la chini limechomekwa na kupimwa kwa kipima pembe kidogo cha kidijitali kilichokaa kwenye kibao kinachoshika kingo zote mbili. Kushoto na kulia zinatofautiana chini ya robo digrii. Bawa la juu limening'inizwa kwenye fremu ya mbao niliyoijenga kwa kazi hiyo tu, likiwa mahali pake sahihi angani, mbele ya la chini, kabla nguzo yoyote haijakatwa. Kisha nguzo ndizo zilizokatwa kufuata nafasi. Wengine hukata nguzo kwa mchoro halafu wanalazimisha bawa litii. Mbao haitii.

Bawa la juu nimelipa nusu digrii zaidi ya la chini. Kwa kuwa liko mbele, nataka liwe la kwanza kuishiwa nguvu mwendo ukipungua, ili pua ianguke yenyewe na ndege ipate tena mwendo.

Nyaya: nyuzi za chuma kisichoshika kutu za milimita 0.8, na kila mwisho una kishikio chenye nati ya kukazia. Zinafanya kazi kweli, si pambo. Zile zinazotoka shina la bawa la chini kwenda juu ya nguzo ya nje hubeba mzigo ndege ikiwa angani, na zinazotoka juu ya bodi kwenda chini ya nguzo ya nje hubeba mabawa ikiwa ardhini. Kanuni ni kukaza zote kidogokidogo kwa zamu, na baada ya kila mzunguko kupima upya pembe za ncha. Waya wa nyuma ukizidi kukazwa unaushusha au kuuinua ukingo wa nyuma, na bawa ulilolijenga likiwa limenyooka linapinda mbele ya macho yako. Nikidunda nyaya mbili zinazofanana, ya kulia na ya kushoto, zinatoa sauti inayokaribiana. Mwisho nimepima kwa uzi kutoka nguzo ya mkia hadi kila ncha ya bawa la juu: tofauti milimita 2. Nimeiacha hivyo.

Juni: kitambaa na rangi

Kitambaa ni poliesta ya kusinyaa kwa joto. Pasi ya moto wa wastani, kwanza kingo, halafu katikati. Usiifukuzie mikunjo upande mmoja mpaka umalize upande wa pili, vinginevyo kitambaa kinavuta bawa na kuondoa ule mwinamo wa ncha niliouweka kwa kabari. Mishono ya mbavu nimeiiga kwa matone madogo ya gundi nyeupe yaliyopangwa kwa rula, na juu yake utepe wa kitambaa wenye kingo za menomeno. Ukisimama hatua mbili unaapa kuna uzi chini.

Rangi ni njano ya ndege za mafunzo za miaka ya 1930. Nimepuliza kwa mkono mwepesi, tabaka mbili zinatosha. Rangi ni mzigo kama mzigo mwingine, na sehemu kubwa ya bodi iko nyuma ya kitovu.

Julai: umeme na mizani

Mota isiyo na brashi, mizunguko 350 kwa dakika kwa kila volti, betri ya lipo ya seli 6 yenye mAh 5000, kidhibiti mwendo cha ampea 80. Pangaboi kwa kipimo halisi lingekuwa la inchi 15. Nimefunga la inchi 17 kwa 8 kwa sababu pangaboi kubwa linalozunguka polepole ndilo linaloivuta ndege yenye nguzo na nyaya nyingi hivi. Kwenye kipima umeme: ampea 43, kama wati 950 zote zikifunguliwa. Ni wati 200 kwa kilo, na Tiger Moth haihitaji zaidi.

Gipsy Major huzunguka kinyume na mapangaboi mengi ya ndege za mfano, kwa hiyo marubani wa ile halisi hupambana na pua inayokwenda kulia wakati wa kupaa. Ningeweza kubadilishana nyaya mbili za mota na kufunga pangaboi la kinyume. Sikufanya, maana mapangaboi hayo hayana chaguo pana la saizi. Mota imeelekezwa digrii 2 kulia na 2 chini.

Mizani sasa. Kitovu cha uzito nimekiweka asilimia 28 ya upana wa wastani, nao nimeupata kwa kuchora mabawa yote mawili kutoka ubavuni, pamoja na ule mlalo wa nyuma, na kuchukua bawa moja la kufikirika katikati yake. Betri ikiwa imesukumwa hadi mwisho wa chumba, mkia bado ulikuwa mzito. Gramu 140 za madini ya risasi zimebanwa chini ya mota. Ndugu zangu mliojenga ndege hii mnajua kuna wanaofika 400, kwa hiyo mkia wa Februari umelipa.

Jumla: kilo 4.72. Nimezidi lengo kwa gramu 220, na najua ziko wapi: rangi, magurudumu na nyaya.

Agosti: angani

Upepo mdogo, nyasi fupi. Mwenzangu alishika mkia huku nikifungua mota yote na kujaribu umbali wa rimoti. "Ukiachia nusu tu ya mota, inataka kwenda," akasema, na kweli. Iliinua mkia karibu mara moja, ikakimbia kidogo, ikapaa bila kuombwa.

Trimu: eleveta chini kiasi, eleroni kama ilivyotoka mezani. Hilo la eleroni ndilo lililonipa imani na kazi ya Mei. Kona ya kwanza nilikata kwa eleroni peke yake nikitaka kuona, na ingawa mikono ya servo imeegemezwa, pua bado ilisita kabla ya kugeuka. Kona ya pili nikatanguliza usukani, ikazunguka kama inavyotakiwa. Ndege hii inarushwa kwa vidole viwili vya mikono miwili. Anayetaka kuirusha kwa mkono wa kulia tu atafute nyingine.

Kutua ndipo penye somo kwa anayetoka kwenye ndege za bawa moja. Nyaya, nguzo na mabawa mawili ni breki. Ukifunga mota mapema, mwendo unakwisha kabla hujafika. Nimekuja na robo ya mota mpaka magurudumu yalipokaribia nyasi, ndipo nikafunga. Ilidunda mara moja ikakaa.

Baada ya safari

Eleveta kuhitaji kushushwa ni dalili kwamba mota inainua pua, maana mota ikifungwa trimu hiyohiyo inaizamisha mno. Nimeweka washa mbili zaidi kwenye bolti za juu za mota, pua ya shafti imeshuka kama digrii 1, na trimu imerudi karibu na katikati. Kwenye rimoti nimeunganisha usukani ufuate eleroni kwa asilimia 30, kwenye swichi, ili niweze kuuzima nikitaka kufanya mazoezi ya kuutumia usukani kwa kidole changu mwenyewe.

Waya mmoja wa kubeba mzigo angani, wa mbele kushoto, ulilegea robo mzunguko wa nati. Nati zote sasa zina tone la gundi ya kuzuia kulegea, ile inayoachia ukitumia spana. Betri ilirudi na zaidi ya theluthi baada ya dakika 8, kwa hiyo saa ya rimoti inabaki hapo hapo.

Zilizosalia ni vioo vya upepo vya viti vyote viwili, mikanda, na rubani. Rubani atakaa kiti cha nyuma, kwa kuwa Tiger Moth ikiwa na mtu mmoja hurushwa kutoka nyuma. Nitamchonga kwa povu na kumtoa moyo wote wa ndani. Kiti hicho kiko nyuma ya kitovu, na sitaki kuongeza risasi kwa ajili yake.